Wageni wa Bibi Salvina

Mgeni anayefika Lasoka kutembea huanzia darajani. Ni daraja la chuma la enzi za Mjerumani, na mto unapita chini yake ukiwa mwembamba lakini wenye kelele, kama mtu mfupi mwenye hasira. Kutoka hapo hupandishwa hadi kanisa la mawe la misheni, akaonyeshwa kengele iliyobebwa mabegani na wanaume kutoka pwani. Kisha huingizwa kwenye handaki walimojificha wanawake na ng'ombe zamani za vita vya mamangi, wale machifu wa Kichagga, akatoka magoti yamejaa udongo, anacheka. Mwisho, kabla ya kuteremshwa kwenye maporomoko, hupelekwa kwenye kihamba, shamba la ukoo la marehemu Melkior, katikati ya migomba na mibuni, kuona nyumba ya msonge na kuonana na bibi.

Bibi mwenyewe alikuwa Salvina, mjane wa Melkior. Alikuwa na nyumba yake ya matofali yenye bati la kijani, umeme na televisheni, jirani kabisa na ule msonge, na humo ndimo alimolala, alimopika na kusali rozari. Lakini wageni hawakupanda mlima kuja kuona bati. Siku za wageni alijifunga kaniki, akavaa shanga, akaingia msongeni na kukoleza moto kwenye mafiga, ndama akiwa nyuma ya uzio wa fito kama ilivyokuwa kwa wazee. Wageni wakishaingia, wameinama kwa sababu mlango ni mfupi, aliwakaangia kahawa, akawapa mchi waitwange huku akiwaimbia, akawaeleza mume alilala upande gani na mbuzi upande gani. Kazi hiyo aliiweza. Kikundi cha akina mama alichokianzisha na jirani yake Dominika kilijulikana hadi Moshi mjini, na hata kanisani watu walimwita Bibi wa Msonge.

Watoto wa nchi za mbali walikuwa wamekaa kwenye kigoda chake, wakatokwa machozi kwa moshi, wakamwita bibi. Mjukuu wake wa damu hakuwa amekanyaga hapo kwa miaka kumi na mmoja.

Ilianza Krismasi. Kule mlimani hakuna asiyejua Desemba ni nini. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa madirisha, magari ya Dar es Salaam hufuatana kwenye barabara za udongo mwekundu, mbuzi hulia kila kihamba, na kila mama hutembea kifua mbele akitaja waliofika. Mathew, mtoto pekee wa Salvina na Melkior aliyebaki hai, alikuja mwaka ule na mkewe Stella, binti yao mdogo, na kwa mara ya kwanza, wakwe zake. Hakusema watafika saa ngapi. Aliingia uani akakuta wazungu wamejaa, na mama yake katikati yao na kaniki yake, akiimba wimbo wa kutwanga kahawa. Mathew alisimama kando ya gari muda mrefu. Salvina alimpungia mkono kwa furaha, akaendelea kuimba, maana wimbo ulikuwa haujaisha. Alipoumaliza na kugeuka, mwanawe alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mlango.

Jioni Mathew akamwambia baba yake kwamba shughuli ile ikome.

"Baba, hapa ni kwetu. Si bustani ya wanyama."

Melkior hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliweka chini kibuyu chake cha mbege, pombe ya ndizi, akafuta mdomo.

"Nyumba ya babu yako imekutia aibu mbele ya wakwe zako," alisema. "Basi nenda kalale mahali pasipokutia aibu."

Mathew akapakia mizigo jioni ile ile. Wakwe waliaga kwa macho ya chini. Yule mtoto alilia mpaka akakwama pumzi, kwa sababu alikuwa ameahidiwa kukamua ng'ombe asubuhi. Salvina alibaki katikati ya mume na mwana, akimshika huyu mkono, akimwita yule kwa jina lake la utotoni, na wote wawili hawakumsikia. Fahari wawili walikuwa wanapigana na nyasi zilikuwa ni yeye.

Baadaye Melkior aliugua, akafa. Mathew alikuja kuzika, kwani hakuna ugomvi unaomzuia Mchagga kumzika baba yake. Alisimama na wanaume wenzake nyuma ya nyumba, akatupa udongo kaburini, akamkumbatia mama yake kwa nguvu hata mbavu zikamuuma. Kabla chakula hakijapakuliwa alikuwa ameshavuka daraja. Ndani hakuingia. Stella na mtoto hawakuja.

Hapo ndipo Salvina alipofanya jambo ambalo wenzake walimshangaa. Alikata jani la sale, lile ambalo mtu wa mlimani akiletewa hana budi kusamehe, akalipiga fundo, akampa binamu yake Basili aliyekuwa akienda Dar es Salaam.

"Mzazi hampelekei mwana sale," Dominika alimkemea. "Mwana ndiye humletea mzazi. Umeigeuza dunia kichwa chini miguu juu."

"Acha igeuke," Salvina akasema. "Hivi ilivyosimama imenifaa nini?"

Jani lilifika. Basili alieleza kwamba Mathew alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akaingia nalo chumbani bila neno. Baada ya hapo zilikuwa simu za sikukuu tu. Hujambo mama, sijambo baba, mvua zimenyesha huko, zimenyesha. Simu ikikatika Salvina alibaki ameishika sikioni kidogo, kama mtu aliyeinamisha mtungi kutafuta tone la mwisho.

Basi ikawa mwezi wa saba, wakati baridi ya mlimani inaingia mpaka kwenye vidole vya miguu na ukungu haupandi hadi adhuhuri. Jovin, kijana wa Rombo aliyekuwa akiongoza wageni tangu mwaka ule uanze, alipiga simu kwamba siku hiyo si wazungu. Ni wanafunzi wa chuo kimoja cha Moshi mjini, wamejichangia basi dogo waje kutembea. Salvina alifurahi. Wanafunzi walikula vizuri na kucheka kwa sauti, na hakuhitaji kusubiri Jovin amtafsirie.

Waliingia msongeni wakisukumana, simu mikononi, wanakohoa moshi.

"Shikamoo bibi!"

"Marahabaa. Karibuni. Angalieni vichwa, hiyo boriti haina huruma."

"Aisee, ng'ombe analala humu humu?" mmoja akauliza.

"Analala humu, na usiku wa baridi kama wa leo utamshukuru."

Wakacheka, wakakaa kwenye mbao na vigoda kuuzunguka moto. Salvina akaanza kama alivyoanza siku zote, kwa kumuuliza kila mtu jina lake na kwao. Praygod wa Machame. Brenda wa Arusha. Pamela wa Singida. Akazunguka hivyo hadi kwa binti mmoja aliyekaa kando, karibu na uzio wa ndama, mwembamba, nywele amezisuka mistari, sweta amelivuta hadi kwenye vidole. Binti yule alikuwa ameweka mkono kati ya fito, na ndama analamba kiganja chake.

"Na wewe mama, unaitwa nani?"

"Naitwa Salvina."

Wenzake wakapiga kelele. "Wajina! Wajina wa bibi! Na siku zote tunamwita Vina, kumbe ana jina la kibibi!"

Jovin, ambaye kazi yake ilikuwa kueleza mambo, akaeleza. "Msicheke. Kwetu Wachagga mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Kwa hiyo huyu naye ana bibi yake Salvina mahali. Au siyo, dada? Bibi yako yuko wapi?"

"Huku huku," binti akasema taratibu.

"Umeona!" Jovin akasema, akamgeukia mwingine.

Salvina alikuwa ameshika kikaango cha kahawa. Alimtazama binti yule, naye binti akamtazama. Paji la uso lilikuwa la Melkior, lile pana linaloonekana kama lina fikra hata likiwa halina. Masikio pia. Buni zilianza kuungua na yeye hakusikia harufu. Pamela wa Singida ndiye aliyesema, "Bibi, moshi," na Salvina akakiepua.

Angeweza kuinuka pale pale. Mara ngapi alikuwa ameifikiria siku hiyo, na katika kuifikiria kwake kote alikuwa anakimbia, amefungua mikono. Lakini kitu kilimzuia. Binti alikuwa amelipia kama wageni, ameingia kama wageni, amekaa na wageni. Labda hivyo ndivyo alivyotaka. Labda alitaka tu kuona, kisha aende zake. Mtu aliyepotelewa huogopa hata kunyoosha mkono, asije akakitisha alichokiona.

Kwa hiyo akaendelea. Aliwapa mchi, akaimba, na sauti ikamkatika katikati ya ubeti, akasingizia moshi. Aliwaeleza mume alilala wapi na mbuzi wapi. Aliwaeleza vitu viwili mara mbili. Jovin alimwangalia kwa wasiwasi, akafupisha mambo, akasema sasa twende maporomoko kabla ukungu haujashuka tena. Wanafunzi wakatoka wameinama, mmoja mmoja, na sauti zao zikateremka kwenye njia ya mtoni.

Mmoja hakutoka. Alikuwa bado amesimama kando ya ndama.

"Bibi," akasema.

"Mbona umechelewa?" Salvina akamuuliza, kama mtu aliyemtuma dukani kuleta chumvi.

Binti akaanza kulia. Salvina akainuka sasa, akamshika kichwa kwa mikono yake yenye masizi, akamtia alama nyeusi mashavuni, na wote wawili wakalia hadi ndama akashtuka na kurudi kona.

Walipotulia wakakaa kwenye ubao mmoja.

"Nilikuja mwaka jana pia," Vina alisema. "Nilipofika tu chuoni. Nilipanda gari hadi darajani, nikakaa pale kwenye jiwe."

"Kisha?"

"Nikarudi."

"Ukarudi! Kwa nini mwanangu? Darajani na hapa, si ni kupiga ukelele tu?"

"Niliogopa utaniuliza baba yuko wapi."

Swali hilo hilo lilikuwa mdomoni mwa Salvina tangu binti alipotaja jina, na alikuwa amelishika kwa meno lisitoke.

"Anajua umekuja?" akauliza badala yake.

"Hajui. Hajawahi kunikataza, bibi. Ukitaja Lasoka tu, anatoka nje. Anakwenda kuosha gari hata kama ni safi."

Salvina akamvusha ua, akamwingiza nyumba ya bati la kijani kupitia mlango wa jikoni, ule ambao wageni hawaujui. Alimpa kikombe cha maziwa na kiburu cha jana, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, akakipasha moto akilalamika kwamba laiti angejua angechinja. Vina alikula amesimama, akitazama kuta. Alitambua picha ya babu yake. Alitambua kabati. Alifungua mlango wa chumba cha mwisho, akaona kitanda kimetandikwa, shuka zimenyooshwa, mto umepigwa ukapanda.

"Analala nani hapa?"

"Hakuna. Ni cha baba yako. Ninatandika tu, panya wasizoee."

Vina akaufunga mlango polepole, kama chumba chenye mtu aliyelala.

"Yule ng'ombe je?" akauliza baadaye. "Nilikuwa nimkamue."

"Yule alizeeka, akaenda. Huyu wa bandani ni mjukuu wake." Salvina akamtazama. "Njoo."

Saa ya kukamua ilikuwa bado kabisa, na ng'ombe alionyesha wazi kwamba hajapendezwa. Lakini Salvina alimpa majani mabichi ya migomba, akamchuchumaza mjukuu wake pembeni, akaweka mkono juu ya mkono, akamfundisha kuvuta bila kuminya. Mara ya kwanza hakukutoka kitu. Mara ya pili, tone. Halafu mchirizi mwembamba ukapiga ndani ya ndoo, tii, na Vina akacheka kicheko cha mtoto wa miaka minane.

Hivyo ndivyo Jovin na wenzake walivyowakuta waliporudi kutoka mtoni wameloa. Mwanafunzi mwenzao ameloa maziwa hadi kwenye viwiko, na Bibi wa Msonge amemkumbatia kwa nyuma, kilemba kimemwanguka.

"Vina! Unafanya nini huko?"

"Nakamua ng'ombe wa bibi yangu," akajibu, bila kugeuka.

Jovin akatazama paji la uso la binti, akamtazama Salvina, akashika kichwa. "Mimi nimekaa namuuliza bibi yake yuko wapi!"

Basi dogo lilikuwa limekodiwa hadi alasiri, ikabidi waondoke. Salvina aliwasindikiza hadi darajani na kaniki yake na shanga zake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mgeni yeyote. Basi lilipokata kona alibaki amesimama pale. Maji yalikuwa yanapiga mawe chini kwa kelele ile ile. Alitarajia moyo ungetua, na ajabu ni kwamba ulizidi kuuma. Miaka yote alikuwa amezoea njaa yake. Sasa alikuwa ameonjeshwa.

Vina akawa anakuja Jumapili. Alifika wakati watu wanatoka misa ya pili, akaingia kwa mlango wa jikoni, akafunga kanga, akamenya ndizi mshare hadi vidole vikawa vyeusi. Alijifunza kusema aika, yaani asante, na kusalimia wazee kwa Kichagga chenye lafudhi ya Dar kilichowachekesha wote. Dominika alimfundisha kuchagua kahawa iliyoiva. Mwezi wa tisa akamwambia bibi yake kwamba amemweleza baba.

"Akasemaje?"

"Nilidhani simu imekatika. Halafu akauliza, bado anaumwa magoti?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia yanamuuma akipanda, akishuka hayamuumi."

Salvina alizigeuza ndizi kwenye sufuria ingawa hazikuhitaji kugeuzwa. "Umesema kweli," akasema.

Desemba ikaja. Madirisha yakafunguliwa. Kwa Dominika watoto walijaa hadi wengine wakalala kwenye magari. Siku chache kabla ya Krismasi, Vina alipanda akiwa na uso wa mtu aliyebeba yai. Baba yake yuko Moshi, alisema, amefika jana, yuko hotelini, peke yake. Mama amebaki na mgonjwa, bibi mzaa mama. Baba anaomba bibi ashuke.

"Ashuke yeye?" Dominika alidakia, mikono kiunoni. "Mtoto anakaa hotelini, mama amfuate? Salvina, ukishuka leo, kesho atakwambia uvuke bahari."

"Bahari sijawahi kuiona," Salvina akasema, na akaingia ndani kuvaa.

Alivaa gauni lake la Pasaka na viatu vya kufunga, akajitanda kitenge. Mathew alikuwa anasubiri kwenye bustani ya hoteli, chini ya maua ya zambarau, na alipomwona akasimama haraka, kiti kikaanguka nyuma yake. Alikuwa amenenepa. Kipara kilikuwa kimeanza. Salvina aliona hayo yote kwa mara moja na yakamchoma, kwa sababu kipara cha mwana ni kitu ambacho mama anatakiwa akione kikija kidogo kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

Waliagiza chai. Vina aliwaacha, akaenda kukaa mbali akijifanya anasoma simu. Waliongea juu ya mvua, juu ya bei ya mbolea, juu ya magoti. Chai ikapoa. Halafu Mathew akasema, akiutazama mlima ambao ulikuwa umefungwa mawingu, "Mama, baba alifikiri niliwaonea aibu."

"Hata mimi," Salvina akasema.

"Siyo hivyo." Alifungua mikono, akaifumba. "Siku ile niliposhuka garini, kulikuwa na mwanaume mmoja na kamera kubwa. Wewe ulikuwa unaimba, umetazama chini. Akaja akakushika kidevu. Hivi. Akakugeuza uso uangalie kamera, kama mtu anayekagua meno ya mbuzi mnadani. Nawe ukatabasamu, ukaendelea kuimba. Wakwe zangu wameona. Mwanangu ameona. Nikataka kumvunja mkono, mama. Nikashindwa hata kusogea. Na jioni niliposema yakome, alichosikia baba ni aibu."

Salvina alitafuta kichwani. Alitafuta kwa bidii, kwa heshima ya mwanawe, kama mtu anayepekua sanduku zima. Aliukumbuka wimbo. Alilikumbuka gari, na mkono wake mwenyewe ulivyopunga. Mwanaume wa kidevu hakumwona popote.

"Sikumbuki," akasema.

"Hukumbuki?"

"Labda lilitokea. Wengi wamepita, baba. Wengine wana adabu, wengine hawana, na jioni ninanawa uso. Sikulala nalo hata usiku mmoja." Akamtazama. "Wewe umelala nalo miaka yote hii?"

Machozi yalimshuka Mathew bila sauti, yakaingia kwenye ndevu. Salvina alisogeza kiti, akamfuta kwa upindo wa kitenge chake, mbele ya wahudumu na wazungu waliokuwa wakijiandaa kupanda mlima. Alimwonea huruma mwanawe, akamwonea huruma na Melkior kule chini ya udongo, aliyekufa akijua jambo moja tu, tena lisilo kweli. Laiti mtu mmoja angalisema neno moja zaidi jioni ile! Lakini maji yaliyopita darajani hayapandi tena mlima.

"Mimi nimeshuka," akamwambia mwishowe. "Kupanda ni kwako."

"Nitapanda, mama. Ila ndani... sijui. Kiti cha baba bado kipo pale pale?"

"Kipo."

"Basi nipe muda."

"Muda ninao mchache," Salvina akasema, "lakini wote ni wako."

Mathew aliwarudisha kwa gari hadi Lasoka, akaliegesha ng'ambo ya pili ya mto. Salvina hakumlazimisha kuvuka. Siku ya Krismasi Vina alikuwa nyumbani na walikula wawili, na Salvina alipakua polepole, sikio lake likiwa nje. Magari yalipita, kila moja likamdanganya.

Ilikuwa siku iliyofuata, adhuhuri, jua limetoka, alipokwenda nyuma ya nyumba kukata majani ya ng'ombe na kumkuta mtu amepiga magoti kwenye kaburi la Melkior. Alikuwa amekuja kwa njia ya mfongo, ule mfereji wa maji wa wazee unaopita katikati ya vihamba, kama mtoto aliyechelewa kurudi na hataki kuonekana. Alikuwa anang'oa magugu. Shati lake lilikuwa jeupe, la mikono mirefu.

Salvina hakumwita. Aliweka panga chini, magoti yake yakalalamika, akapiga magoti upande wa pili, naye akaanza kung'oa. Waling'oa hivyo hadi udongo ukabaki mtupu. Mathew alisema maneno machache kwa Kichagga, kwa baba yake, si kwa mama, na Salvina alijifanya hakuyasikia.

"Karibu ndani," alisema walipoinuka. "Kuna mtori."

Mathew alitazama mlango wa jikoni. Vina alikuwa amesimama pale, ameshika mwiko. Kisha Mathew akatikisa kichwa, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Siyo leo, mama. Lakini nipe kitu cha kwenda nacho. Stella anapenda zile mshare."

Salvina akachagua mkungu mnene kuliko yote, aliokuwa ameuwekea alama kwa ajili ya mnada. Akaukata mwenyewe. Mathew akaukinga, akaubeba begani kama alivyobeba akiwa kijana, na utomvu ukachirizika kwenye lile shati jeupe, kutoka begani hadi kiunoni.

"Ole wako, hilo halitoki tena," Salvina akasema.

Mathew akaliangalia shati, akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kushtukiza, na Vina mlangoni akacheka pia. Kisha Mathew akageuka, akashika njia ya mfongo na mzigo wake. Salvina alimfuata kwa macho, doa jeusi kwenye kitu cheupe, kati ya shina na shina, hadi majani yakamfunika. Alisubiri mlio wa gari, akalisikia likiwaka, mlio ukapungua kuelekea barabara ya Himo, ukapotea.

Akaokota panga lake. Ng'ombe alikuwa anadai majani, na kikundi cha wageni wa saa nane kilikuwa tayari kanisani. Kengele ile ya zamani ilisikika ikigongwa na mtu asiyejua kuigonga.